Majedwali Niliyoyaficha

Kwa miaka mingi nimejipatia riziki kwa kuchambua data za watu wengine. Wengi walikuwa wanafunzi wa shahada ya uzamili: wauguzi, maafisa kilimo, walimu, maafisa maendeleo ya jamii. Walikuwa wameshakusanya madodoso yao, wamekwama kwenye sura ya nne, ile ya matokeo, na siku ya kutetea tasnifu inawakaribia. Waliniletea data, nikawapa majedwali. Naandika haya kwa sababu baadhi ya majedwali yale yamewapotosha walioyasoma, na aliyeyafanya yapotoshe ni mimi.

Namba sikughushi. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililonipa usingizi mnono miaka yote ile. Sikubuni mhojiwa hewa, sikubadili jibu la mtu. Kila tarakimu ilitoka kwenye dodoso la kweli lililojazwa na mtu wa kweli. Mkaguzi akinipima kwa kipimo cha wizi wa kawaida ataniachia. Kosa langu liko kwenye majedwali niliyoyaona mimi peke yangu, nikayaacha nje, na msomaji hakuambiwa kwamba yaliwahi kuwapo.

Asiyeijua kazi hii avumilie maelezo kidogo. Mtafiti analinganisha makundi mawili, tuseme wajawazito waliokumbushwa kliniki kwa ujumbe wa simu na wale ambao hawakukumbushwa. Programu ya SPSS inamletea jedwali, na upande wa kulia wa jedwali kuna safu iliyoandikwa Sig. Kwenye steshenari zilizo jirani na vyuo vyetu, ambako vijana wenye kompyuta huwachambulia wanafunzi kwa malipo, namba hiyo inaitwa sig, basi. "Sig imetoka?" "Imegoma." Ikiwa chini ya 0.05, programu yenyewe au mchambuzi anaweka nyota pembeni, mwanafunzi anapumua. Ikiwa juu ya 0.05, uso unamshuka, kana kwamba miezi yote aliyozunguka vijijini imekuwa bure.

Namba hiyo, ambayo vitabuni huitwa thamani ya p, inajibu swali jembamba sana. Tuchukulie kwamba ujumbe wa simu hausaidii chochote. Kama ni hivyo, bahati peke yake ingetuletea tofauti kubwa kama hii tuliyoiona, au kubwa kuliko hii, mara ngapi katika mia? Hilo tu. Namba haisemi dai la mtafiti lina uwezekano gani wa kuwa kweli. Haisemi tofauti ni kubwa au ndogo, wala kama mama mjamzito atanufaika nayo. Mwezi Machi 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi lenye kanuni sita kuyaeleza haya, na kikaongeza kwamba uamuzi wa kisayansi au wa kisera usifanywe kwa kuangalia tu kama p imepita mstari fulani. Tamko lile nililisoma. Nilikubaliana nalo kabisa, kisha nikarudi kwenye kompyuta nikaendelea kama kawaida, maana wateja wangu hawakuwa wameniomba tamko, walikuwa wameniomba nyota.

Hata huo mstari wa 0.05 hauna utukufu tulioupa. Aliyeueneza ni Ronald Fisher, mtakwimu Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, katika kitabu chake cha mwaka 1925. Aliutaja kama kiwango kinachofaa kwa urahisi wa matumizi. Mwaka 1956 yeye mwenyewe aliandika kwamba hakuna mwanasayansi anayeshikilia kiwango kimoja mwaka hadi mwaka, katika kila hali, na kukataa dhana zake kwa kiwango hicho. Sisi tumeugeuza kuwa mstari wa kufaulu na kufeli. Mimi nimewafundisha hivyo vijana waliokuja kujifunza kazi kwangu: chini, kubali; juu, kataa.

Tasnifu ninayotaka kuiungama zaidi ni ya muuguzi mmoja. Simtaji jina, wala chuo, wala wilaya. Alikuwa amefanya kazi wodi ya wazazi muda mrefu, ameona wanawake wakifikishwa wakiwa wameshachelewa, na alikuwa na wazo zuri la kuwakumbusha wajawazito tarehe za kliniki kwa ujumbe wa simu. Wajawazito wa zahanati kadhaa wakatumiwa ujumbe, wa zahanati nyingine wakaachwa kama kawaida. Swali lake lilikuwa moja na lilikuwa safi: je, waliotumiwa ujumbe wanakamilisha mahudhurio yao zaidi kuliko wenzao?

Niliingiza data, nikalinganisha makundi mawili. Waliopata ujumbe walikuwa wamehudhuria zaidi kidogo. Sig ilikaa juu ya 0.05, haikuwa mbali, lakini ilikuwa juu.

"Kaka, sasa msimamizi nitamwambia nini?"

"Usihofu, dada. Hebu tuangalie vizuri."

Kosa lilianzia kwenye sentensi hiyo ya upole. Nilianza na umri. Nikawagawa wanawake kwa miaka 25, hakuna kitu. Nikausogeza mpaka hadi 20, kisha 30. Nikawaangalia wenye mimba ya kwanza peke yao. Nikawatenga walioishia darasa la saba na waliofika sekondari. Nikabadili kipimo chenyewe: badala ya mahudhurio yote nikachukua hudhurio la mwisho, kisha nikachukua kujifungulia kituoni. Zahanati moja ilikuwa na mapengo mengi kwenye rejista zake, nikaiondoa. Sababu ya kuiondoa ilikuwapo na ningeweza kuieleza mbele ya jopo lolote, lakini niliitafuta baada ya kuona kwamba zahanati ile ndiyo inayonipandishia sig. Zahanati nyingine ilikuwa na mapengo vilevile, na hiyo niliibakiza, kwa sababu ilikuwa upande wangu.

Hatimaye, kwa wanawake wa chini ya miaka 25 wenye mimba ya kwanza, zahanati ile ikiwa imeondolewa, namba ikashuka chini ya 0.05. Dada yule alimshukuru Mungu kwa sauti. Kabla hajaondoka aliniuliza, "Hii inaruhusiwa?" Nikamjibu kwamba inaruhusiwa, ndivyo uchambuzi wa kina unavyofanyika.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, ingawa wakati ule nilikiona kama kazi ya uhariri tu. Tulirudi sura ya kwanza tukabadilisha malengo mahususi, yakasomeka kana kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa akiwatafuta wanawake vijana wenye mimba ya kwanza. Sura ya pili ikaongezewa aya za kueleza kwa nini kundi hilo lina mahitaji ya pekee. Tasnifu ikatiririka kutoka swali hadi jibu bila kikwazo. Ilisomeka vizuri kuliko tasnifu nyingi za kweli, na ilistahili kunitia shaka kwa sababu hiyo, kwani data za kweli mara nyingi huwa na kona na mikwaruzo.

Ubaya wa tulichofanya unahesabika. Chukua mambo 20 yasiyohusiana, ambayo hakuna hata moja lenye ukweli ndani yake, ulipime kila moja kwa mstari wa 0.05. Uwezekano wa angalau moja kutoka na nyota ni asilimia 64. Vipimo vyangu vilihusiana, kwa hiyo kwangu asilimia isingekuwa hiyohiyo, lakini mwelekeo ni huo: kadiri unavyochimba ndivyo nyota ya bahati inavyokukaribia. Mtu aliyenunua tiketi nyingi za bahati nasibu, akashinda moja, akatuonyesha hiyo moja akidai ana kipaji cha kubashiri, angekuwa amefanya kama nilivyofanya mimi. Ili tujue tumwamini au tusimwamini lazima tuone tiketi alizozitupa. Idadi ya majaribio ni sehemu ya jibu, na mimi niliificha. Nimeificha hata nafsini mwangu, maana sikuwahi kuihesabu.

Wataalamu wamelionyesha hili waziwazi. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walichapisha makala ambamo, kwa data za kweli na kwa uhuru mdogo mdogo wa aina niliyoutumia mimi, walipata matokeo yenye nyota yanayosema kwamba kusikiliza wimbo mmoja wa Beatles kulimpunguzia msikilizaji umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Walichagua dai lisilowezekana makusudi ili pasiwe na wa kubisha. Wakahesabu pia kwamba mtafiti anayejiruhusu uhuru wa aina nne tu, kama kuchagua kati ya vipimo viwili au kuongeza wahojiwa baada ya kuchungulia matokeo, anaweza kupandisha hatari ya kupata nyota ya uongo kutoka asilimia 5 hadi karibu 61.

Lakini mfano ninaoukumbuka kila ninapotaka kugawa watu vikundi ni wa jaribio la ISIS-2, lililochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1988. Wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo waligawanywa kwa bahati nasibu, na aspirini ikaonekana kupunguza vifo vya moyo na mishipa kwa karibu robo. Ni moja ya matokeo imara kabisa katika tiba ya moyo. Watafiti walipotakiwa waonyeshe matokeo kwa vikundi vidogo vidogo, waliwagawa wagonjwa pia kwa nyota za kuzaliwa. Kwa waliozaliwa chini ya nyota za Mapacha na Mizani, aspirini ilionekana kuongeza vifo kidogo. Kwa nyota nyingine zote ilisaidia sana. Walilichapisha jedwali lile liwe onyo. Hakuna daktari aliyeanza kumuuliza mgonjwa wa moyo tarehe ya kuzaliwa kabla ya kumpa aspirini. Mimi, kwa wanawake wa dada yule, nilikuwa nimefanya jambo lilelile, tofauti ni kwamba vikundi vyangu vilikuwa na sura ya kuaminika. Umri na mimba ya kwanza vinasikika kama sayansi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Na wakati mwingine nyota ya jedwalini hutegemea watu wachache mno. Mwaka 2009 Thailand ilitoa matokeo ya jaribio la chanjo ya VVU lililoitwa RV144, lenye watu 16,402 waliojitolea. Kwa kuwahesabu wote, p ilikuwa 0.08. Kwa kuwaondoa watu 7 waliogundulika kuwa walishaambukizwa kabla ya chanjo ya kwanza, maambukizi yakawa 51 kwa waliochanjwa na 74 kwa wasiochanjwa, na p ikawa 0.04. Kwa kuwahesabu waliofuata ratiba yote ya chanjo tu, ikawa 0.16. Sababu ya kuwaondoa wale saba ilikuwa nzuri. Chanjo haiwezi kuzuia maambukizi yaliyokwishatokea. Hata hivyo watu saba kati ya zaidi ya elfu kumi na sita ndio waliokuwa wamesimama kati ya chanjo "iliyofanikiwa" na "iliyoshindwa". Chanjo ya mfano huo, ikiwa imerekebishwa kwa aina ya virusi vya kusini mwa Afrika, ilijaribiwa Afrika Kusini kwa watu 5,407, na Februari 2020 ikasimamishwa: maambukizi 129 kwa waliochanjwa, 123 kwa wasiochanjwa. Mwaka 2023 jaribio la PrEPVacc, lililofanyika Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, ambalo mmoja wa michanganyiko yake ulikuwa na kiambato kilichotumika Thailand, nalo likasitisha kuchanja kwa kuwa halikuwa na dalili ya kufanikiwa.

Siwalaumu watafiti wa Thailand, na sitaki msomaji adhani najiweka kundi moja nao. Tangazo lao la kwanza lilibeba ile 0.04, lakini makala yao iliweka hesabu zote tatu mezani, na kila mwanasayansi duniani aliweza kupima uzito wake. Kwenye tasnifu niliyoichambua mimi palikuwa na hesabu moja tu.

Sasa nieleze jinsi nilivyokamatwa, maana sikujizindua mwenyewe.

Miaka ilipita. Siku moja nilipata barua pepe kutoka kwa mtu wa mradi wa afya ya mama na mtoto katika wilaya nyingine. Alikuwa ameisoma tasnifu ya dada yule maktaba, ameona jina langu kwenye shukrani. Aliandika kwa adabu. Mradi wao ulikuwa na fedha kidogo za ujumbe wa simu, na kwa vile utafiti ulionyesha kwamba wanaonufaika ni wanawake vijana wenye mimba ya kwanza, walikuwa wanapanga kuwatumia hao tu na kuwaacha wengine. Aliomba nimpe amri nilizozitumia kwenye SPSS ili warudie uchambuzi wao wenyewe.

Nilifungua faili la zamani. Mtu aliyewahi kutumia SPSS anajua kwamba dirisha la matokeo lina orodha upande wa kushoto, kila kipimo ulichofanya kimejipanga chini ya kingine kwa zamu. Sikuwa nimeifuta. Nikaanza kushuka. Umri kwa 25, umri kwa 20, umri kwa 30. Elimu. Hali ya ndoa, ambayo hata sikukumbuka kwamba niliijaribu. Umbali kutoka zahanati. Bila zahanati ya kwanza. Bila ya pili. Bila zote mbili. Kisha ya pili imerudishwa. Ilikuwa orodha ndefu, na jedwali lililoingia kwenye tasnifu lilikuwa karibu na mwisho, kwa sababu nilipolipata niliacha kutafuta. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba siku ile niliangalia data "vizuri". Kilichokuwa mbele yangu ni rekodi ya mtu anayejua anachotaka kukiona na hataki kuondoka bila hicho.

Hili nalo ni sehemu ya maungamo: hata baada ya kuyaona hayo, nilimjibu yule bwana kwa kumtumia amri za jedwali la mwisho peke yake. Zilifanya kazi. Alizirudia akapata namba zilezile, akaniandikia kunishukuru. Kurudia huko hakukumwambia chochote, kwa kuwa nilimpa njia ile moja tu inayofika kwenye nyota. Shukrani zake zilinikaa rohoni vibaya. Nilimwandikia barua ya pili, nikamweleza yote, nikamwambia asiupange mradi wake kwa kutegemea jedwali langu, na kwamba kwa data zile hakuna anayeweza kusema wanawake wakubwa au wenye watoto hawanufaiki na ujumbe. Jibu lake lilikuwa fupi. Aliuliza kama orodha nzima ninayo bado. Nikamtumia.

Kisha nikampigia simu dada. Sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Kaka, mimi nilikuuliza kama inaruhusiwa, ukaniambia ndiyo." Sikuwa na la kumjibu. Yeye alikuwa muuguzi, si mtakwimu; alikuwa amenilipa ili awe na mtu wa kumwambia hapana. Uamuzi wa kukiandikia chuo chake ulikuwa wake, na aliufanya. Nilimwandikia maelezo ya kitaalamu ya kuambatanisha na barua yake, nikayatia sahihi.

Baada ya hapo nilianza kufungua mafaili mengine, na nikakuta kwamba nimekosea pia kwa upande wa pili, kwa kuzika matokeo ambayo hayakustahili kuzikwa. Kijana mmoja wa kilimo alikuwa amelinganisha kaya zilizohifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa na zile zilizotumia magunia ya kawaida. Kaya zake zilikuwa chache, kwa sababu mifuko alinunua kwa fedha zake. Mahindi yaliyobunguliwa yalikuwa machache zaidi kwenye mifuko, na tofauti haikuwa ya kubezwa, lakini kwa uchache wa kaya sig ikatoka juu ya 0.05. Nilimwandikia sentensi moja: mifuko haina tofauti na magunia. Tafiti nyingi, za Afrika na kwingineko, zinaonyesha kwamba mifuko ya aina hiyo huzuia dumuzi na fukusi kwa kuwanyima hewa. Data za kijana yule zilikuwa zinasema jambo hilohilo kwa sauti ndogo, mimi nikatangaza kwamba hazikusema kitu. Nilipaswa kuandika kwamba tofauti tuliyoiona ni kiasi hiki, kwamba kwa uchache wa kaya ukweli unaweza kuwa kati ya kiwango hiki cha chini na kile cha juu, na kwamba kaya zaidi zinahitajika.

Kosa hili la pili limeenea kuliko watu wanavyodhani. Mwezi Machi 2019 jarida la Nature lilichapisha wito wa Valentin Amrhein, Sander Greenland na Blake McShane, ulioungwa mkono kwa sahihi za zaidi ya wanasayansi 800, wa kuachana na mtindo wa kugawa matokeo kwa mstari mmoja. Walitaja ukaguzi wa makala 791 kutoka majarida matano: karibu nusu zilikuwa zimesoma "haikufika 0.05" kama "hakuna tofauti". Waandishi wa makala hizo si wanafunzi wa kukimbizana na tarehe. Ni watafiti wazoefu. Naona uchungu nikifikiria dawa, mbegu na mbinu ngapi zimetupwa kwa sentensi kama ile niliyomwandikia kijana wa mahindi.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya haya. Umaskini ni sehemu ya jibu, kwa kuwa mteja akiondoka bila nyota huenda kwa jirani, na jirani atampatia. Wasimamizi nao wapo, wanaomrudisha mwanafunzi na neno moja tu la kalamu nyekundu kwenye sura ya nne. Majarida yanayopenda nyota nayo yapo. Lakini nikiwa mkweli, mashinikizo hayo yote hayakuniketisha kwenye kiti kwa nguvu. Nilikuwa nafurahia. Kuipata nyota kulinipa raha ya fundi aliyefungua kufuli, na watu waliniita mtaalamu kwa sababu hiyo. Sikuwa tayari kuipoteza sifa ile.

Nimeona pia kwamba njia nyingine ipo, na imepitiwa hapa hapa kwetu. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda, kuanzia Kilifi na Muheza hadi Mulago. Watoto 3,141 waliokuwa na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kushindwa waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine, katika makundi mawili, walipewa maji mengi ya mishipa kwa haraka, kama miongozo ya kimataifa ilivyokuwa ikielekeza kwa watoto wenye mshtuko, wengine hawakupewa kwa kasi hiyo. Kipimo kikuu kilitajwa kabla: vifo ndani ya saa 48. Karibu kila mtu alitarajia maji yataokoa. Kwenye makundi mawili yaliyopewa maji walikufa asilimia 10.6 na 10.5, kwenye kundi ambalo halikupewa kwa kasi hiyo, asilimia 7.3. Jaribio likasimamishwa mapema. Waliangalia pia vikundi vidogo, na hakuna kilichoonyesha faida ya maji. Nafikiria ingekuwaje kama kwenye meza ile angekaa mchambuzi mwenye tabia niliyokuwa nayo, ametumwa na watu wanaotamani maji yasaidie. Angeanza na umri.

Kutangaza mapema swali na kipimo kunabadilisha mengi kuliko hotuba yoyote ya maadili. Robert Kaplan na Veronica Irvin walichunguza majaribio makubwa ya dawa na virutubisho vya moyo yaliyogharimiwa na taasisi ya taifa ya Marekani ya moyo, mapafu na damu. Kati ya majaribio 30 yaliyochapishwa kabla ya mwaka 2000, yaliyoonyesha faida yalikuwa 17. Baada ya mwaka huo, usajili wa mapema ulipokuwa desturi, yalikuwa 2 kati ya 25. Sidhani dawa za moyo ziliharibika ghafla mwaka 2000. Naamini zaidi kwamba watafiti walipoteza uhuru wa kuchagua kipimo baada ya kuona data. Bara letu lina sajili yake ya majaribio ya kitabibu, yenye makao Cape Town, na kusajili hakuna malipo. Tasnifu isiyo jaribio la kitabibu inaweza kuwa na ukurasa mmoja tu wenye swali, kipimo, makundi yatakayolinganishwa na namna ya kushughulikia data zenye mapengo, umetiwa tarehe na kupelekwa kwa msimamizi kabla ya dodoso la kwanza kujazwa.

Siku hizi sichukui kazi bila ukurasa huo. Mwanafunzi akija na data zilizokwishakusanywa na hakuna mpango, tunaandika kwamba uchambuzi ni wa kutafuta dalili, si wa kuthibitisha, na kila kipimo tunachojaribu kinaingia kwenye kiambatisho, chenye nyota na kisicho nayo. Wengine wamekataa wakaenda kwingine. Sura za nne ninazoandika sasa zina tofauti zilizopimwa kwa ukubwa wake, zikiwa na kiwango cha chini na cha juu, na nyingi zinaishia kwa kusema kwamba hatujui bado.

Wasimamizi wa vyuo, nawaomba mpitishe tasnifu ambayo sig yake imegoma kama swali lilikuwa zuri na data zilikusanywa kwa uangalifu. Muulizeni mwanafunzi, kabla hamjaangalia nyota zake, ni vipimo vingapi alivifanya na viko wapi. Na wewe ambaye kazi yako ilipita mikononi mwangu kabla sijabadilika, nimetunza mafaili yote. Njoo tuyafungue pamoja, tuhesabu nilichokijaribu, na pale jedwali langu linapokosa miguu ya kusimamia tuandike masahihisho kwa jina lako na langu. Malipo sichukui.